Pikipiki inaserereka nikishika breki: tatizo ni breki, tairi au mimi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni bodaboda wa Soni, wilayani Lushoto, mwaka wa pili huu. Naendesha pikipiki ya mkataba ya cc 125, mbele ina breki ya diski, nyuma ya dramu. Mwezi huu nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nashuka Mombo na abiria mmoja, mvua ndiyo kwanza imeanza, kwenye kona nikakuta mbuzi barabarani. Nikakanyaga breki ya nyuma, mkia ukatoka, tukalala chini. Mara ya pili ni njia ya Bumbuli, kwenye tope, nimebeba viroba viwili vya kabichi. Hapo niligusa tu breki ya mbele nikajikuta chini. Wenzangu kijiweni wanasema breki ya mbele ni ya kuua, haiguswi kabisa, na kwamba masika inabidi nipunguze upepo. Mwingine anasema ukiona unagonga, bora uilaze pikipiki mwenyewe. Tairi la nyuma limeanza kuwa kipara katikati lakini tajiri anasema litafika Desemba. Je, tatizo ni breki, tairi au mimi? Na pikipiki zenye ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, ndizo suluhisho? Abiria wangu alichubuka tu. Mimi kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma hadi leo, wiki ya tatu sasa."

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mpe pole abiria wako pia. Barabara hiyo naijua: nimeipanda na kuishuka miaka mingi, kwanza nikiwa fundi, baadaye nikifundisha watu kuendesha pikipiki. Kile kipande cha kilomita zipatazo 33 kati ya Lushoto na Mombo hakina mzaha hata kwa mzoefu, na wewe unakipita kila siku ukiwa na roho ya mtu mwingine mgongoni.

Kabla ya yote, huo mkono. Nitaurudia mwishoni, lakini kama hutamaliza kusoma, soma hili: maumivu ya kifundo yanayofika wiki ya tatu baada ya kuangukia mkono si ya kuchuliwa na mafuta. Nenda upigwe eksirei.

Sasa swali lako. Ukilipima vizuri, unauliza hivi: mara ya kwanza nyuma imekuangusha, mara ya pili mbele imekuangusha, ushike ipi? Wenzako wamechukua ajali yako ya pili wakaifanya sheria, ile ya kwanza wakaisahau. Lakini breki zote mbili zilikuangusha kwa namna moja: tairi liliacha kuzunguka wakati pikipiki bado inakwenda. Tairi linalozunguka linashika barabara. Likiacha kuzunguka linaburutwa tu, na kitu kinachoburutwa huwezi kukielekeza.

Umewahi kusukuma gunia la mahindi sakafuni? Kulianzisha ni kazi, unaweka bega na miguu yote. Likishaanza kuteleza, linakwenda kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kulianzishia. Tairi nalo liko hivyo. Likiwa linazunguka, pale linapogusa lami ni kama gunia lililotulia, limeng'ang'ania. Likijifunga, ni gunia ambalo limeshaanza kuteleza. Na sehemu inayogusa lami ni ndogo mno, haizidi sana kiganja chako kwa kila tairi. Viganja viwili ndivyo vinavyokubeba wewe, abiria, mzigo na pikipiki yenyewe kwenye kona ya Soni.

Mshiko huo wa kiganja una kiasi chake. Ni kama kulala na shuka fupi usiku wa baridi ya Lushoto mwezi wa saba: ukilivuta lifunike mabega, miguu inabaki nje. Ukiwa umelala kwenye kona, kona imeshavuta sehemu kubwa ya shuka. Ukikanyaga breki hapo hapo, unavuta upande wa pili. Mvua ikinyesha, shuka lenyewe limefupishwa. Kwenye ajali yako ya kwanza vilikutana vitatu: kona, maji na mteremko. Breki ya nyuma haikuwa mbaya, ilidaiwa kitu ambacho tairi la nyuma halikuwa nacho.

Kwa nini hasa nyuma? Unaposhika breki, uzito hukimbilia mbele. Hili umelihisi mara elfu: kofia ya abiria inakugonga kisogoni, shokapu za mbele zinazama, makalio yanasogea kuelekea tangi. Uzito ukienda mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na kupata mshiko zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na kubaki na mshiko mdogo. Mteremko nao unaongeza hayo hayo. Kwa hiyo pale pale unapohitaji kusimama kwa nguvu, tairi la nyuma ndilo lililo dhaifu kuliko wakati wowote, na mguu ulioshtuka unalikanyagia breki kwa uzito wote wa mwili. Lazima lijifunge.

Ndiyo maana ile sheria ya kijiweni, kwamba breki ya mbele haiguswi, inanitia hofu kuliko hata tairi lako kipara. Kwenye lami kavu, ukiwa umenyooka, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimama, takriban asilimia 70. Anayetumia ya nyuma peke yake ameacha zaidi ya nusu ya breki zake nyumbani. Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kila sekunde unakula mita 17. Kabla mkono na mguu havijafanya lolote, kwa kushtuka tu, mita 17 zimekwenda. Ukitumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu tambarare, utahitaji mita nyingine 20 hivi kusimama. Ukitumia ya nyuma tu, hizo 20 zinakuwa karibu 40. Mbuzi, mtoto au mama mwenye ndoo kichwani yuko ndani ya tofauti hiyo.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeendesha miaka sita bila kugusa breki ya mbele. Nilipoushika mkono wa breki kwenye pikipiki yake haukurudi, pini yake ilikuwa imeshika kutu. Tuliufungua, tukausafisha, tukapaka grisi, tukaenda uwanjani asubuhi kabla watoto hawajaanza mpira. Nikaweka jiwe. Kwa breki ya nyuma peke yake alisimama hatua 14 baada ya jiwe, na kwenye vumbi pakabaki mstari mweusi uliopinda kama mkia wa nyoka. Kufika saa nne, kwa breki zote mbili na mwendo ule ule, alikuwa anasimama hatua 8 na hakuna mstari wowote chini. Alikaa juu ya tangi kimya, akaniuliza, "Miaka yote hii?"

Wenzako hawajatunga uongo, lakini. Breki ya mbele inaangusha kweli, na tairi la mbele likijifunga unaanguka upesi kuliko la nyuma, kwa sababu la mbele ndilo linalokuweka wima na kukuelekeza. La nyuma likijifunga unapata nafasi ya kuhangaika kidogo. La mbele halikupi nafasi. Kosa lao ni kudhani tatizo ni breki gani unashika. Tatizo ni namna unavyoishika, na mahali.

Wewe ni wa Lushoto, nadhani umekamua ng'ombe. Ziwa la ng'ombe halinyakuliwi. Unalishika, unafunga vidole taratibu, kisha unaongeza nguvu hadi maziwa yatoke. Ukilivuta kwa ghafla unapata teke. Mkono wa breki ya mbele uko vivyo hivyo. Kwanza vidole viwili au vinne vinaushika mpaka uhisi breki pedi zimegusa diski na shokapu za mbele zimeanza kuzama. Hapo uzito unahama, tairi linakandamizwa, shuka linarefuka. Ndipo unapokamua zaidi, na zaidi, kadiri pikipiki inavyopungua mwendo. Muda wote huo ni chini ya sekunde moja ukishazoea. Anayenyakua anashika nguvu yote kabla uzito haujafika mbele, tairi likiwa bado jepesi, na linajifunga. Huyo ndiye anayerudi kijiweni akisema breki ya mbele inaua.

Mguu wa kulia nao unakanyaga ya nyuma kwa wakati huo huo, lakini kwa upole, na kadiri unavyokamua mbele, mguu unalegeza kidogo kwa sababu nyuma panazidi kuwa pepesi. Ukiwa na abiria, nyuma ina uzito zaidi, hivyo mguu unaweza kufanya kazi zaidi kuliko ukiwa peke yako. Macho yawe mbele, kule unakotaka kwenda. Ukimkodolea macho mbuzi, utamfuata mbuzi.

Ajali yako ya pili. Umesema uligusa tu, nami nakuamini. Angalia mzigo: viroba viwili vya kabichi, na bila shaka ulivifunga juu ya keria, nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unafanya kazi kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao, unainyanyua mbele. Tairi lako la mbele lilikuwa linaelea juu ya tope jekundu la Bumbuli, na tope lile unalijua, linajaza mifereji ya tairi mpaka linakuwa laini kama sabuni. Hapo hata kugusa ni kwingi. Kwenye utelezi wa namna hiyo, kazi kubwa waachie injini na breki ya nyuma kwa mguu mwepesi, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Breki ya mbele iwe ya kunong'ona tu, pikipiki ikiwa imenyooka kabisa. Mzigo usogeze mbele na uushushe, kiroba kimoja kila upande kama madumu ya maji, si vyote viwili juu. Na pale penye tope baya kabisa mwambie abiria ashuke atembee hatua hamsini. Hakuna abiria mwenye akili atakayekasirika, na akikasirika, ni heri hasira yake kuliko mguu wake.

Zipo saa ambazo njia ile haifai kupitwa na pikipiki yenye mzigo. Najua hesabu ya tajiri haijui mvua. Lakini saa moja ya kusubiri chini ya mgomba tope likauke juu juu ni bei ndogo kuliko wiki mbili za pikipiki kukaa gereji.

Nirudi kwenye lami, maana huko mwendo ni mkubwa na ndiko watu wanakofia. Mvua inapoanza tu, zile dakika za kwanza, ndiyo lami inakuwa mbaya kuliko saa nzima inayofuata. Vumbi, oili na dizeli iliyodondoka, mpira uliosagika kwenye matairi, vyote vinaelea juu ya maji machache. Mvua ikinyesha sana vinaoshwa. Wewe ulianguka katika dakika zile zile, kwa hiyo usijilaumu kana kwamba ulikuwa mzembe peke yako. Ila siku nyingine tone la kwanza likigonga kofia, punguza mwendo hapo hapo, na umwachie wa mbele yako nafasi mara mbili ya ile uliyozoea. Epuka pia michirizi yenye rangi za upinde wa mvua, mistari ya rangi kwenye zebra, na vyuma vyovyote: mifuniko ya chemba, reli, madaraja ya mbao au chuma. Ukivuka reli iliyolowa, ivuke ukiwa umenyooka, ikatize kwa pembe mraba, usiguse breki juu yake.

Kona: breki zote zimalizike kabla hujalala. Kabla. Ukiiona kona, bado umenyooka, punguza hadi mwendo ambao unaweza kuipita bila kugusa tena breki, shusha gia, kisha ingia ukiwa umeshika mafuta kidogo, yasiyopanda wala kushuka. Kwenye zile kona za kufunga kuelekea Mombo, piga honi, kaa upande wako wa kushoto, na usiende mwendo unaozidi umbali unaouona. Kama macho yako yanafika mita 20 tu, kona imeficha yanayobaki, basi uwe na mwendo unaoweza kusimama ndani ya mita 20. Kwenye lami kavu tambarare hiyo ni kama kilomita 40 kwa saa kwa dereva aliye macho. Kwenye lami iliyolowa na mteremko, 40 hiyo hiyo haisimami ndani ya mita 20, inahitaji karibu 30. Basi shuka 30, au chini yake.

Na ukiwa umeshaingia kwenye kona, ndipo mbuzi akatokea? Kama barabara inaruhusu, inyooshe pikipiki kwanza, ndipo ukamue. Ukiwa huna nafasi ya kunyoosha, breki zote mbili kwa upole wa hali ya juu, ukiongeza kadiri pikipiki inavyoinuka. Haipendezi kusikia, lakini kuna kona ambazo mwendo ukishakuwa mkubwa hakuna ufundi unaokuokoa. Uokovu wake ulikuwa mita 50 nyuma.

Tairi likishajifunga, usichanganye mbele na nyuma. La mbele likijifunga, utahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla: achia mara moja, kisha ukamue upya kwa upole. La nyuma likijifunga na pikipiki bado imenyooka, legeza mguu taratibu. Lakini mkia ukishatoka sana pembeni, usiachie ghafla. Tairi litashika tena kwa kishindo, pikipiki itajirudisha, na itakurusha juu upande wa pili. Huko ndiko watu wanakovunjika shingo. Hapo ni afadhali uendelee kukanyaga, macho mbele, usukani uelekee unakokwenda, hadi isimame au ilale yenyewe kwa mwendo mdogo.

Kuhusu kuilaza mwenyewe kabla ya kugonga: hapana. Mpira unashika lami kuliko chuma na plastiki. Ukiilaza umetupa breki zako zote na unaendelea kuteleza kuelekea kitu kile kile, sasa ukiwa chini, huwezi kukwepa, na abiria wako hajui hata ulichoamua. Kamua breki hadi mwisho. Kugonga kwa mwendo wa 15 si sawa na kugonga kwa 40.

Kuna tabia moja hukuitaja, lakini nimekaa vijiwe vingi: kushuka mlima na nyutro ili kuokoa mafuta. Kama unafanya, acha leo. Injini iliyo kwenye gia inaishikilia pikipiki yenyewe bila breki. Ukiweka nyutro, mzigo wote unabaki kwa diski na dramu, na dramu ikipata moto kilomita kadhaa mfululizo inapoteza nguvu, pedeli inashuka na pikipiki haisikii. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Ukishusha gia, achia klachi polepole. Ukiiachia kwa ghafla kwenye lami iliyolowa, tairi la nyuma linaserereka kama vile umekanyaga breki.

Tairi lako sasa. Tajiri wako anaona linatembea vizuri, na kwenye lami kavu ni kweli linaweza kutembea vizuri. Mifereji ya tairi haikuwekwa kwa ajili ya siku kavu. Kazi yake ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uifikie lami. Pasipo mifereji, maji yanabaki katikati, na wewe umepanda maji. Tazama ubavuni mwa tairi, tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo. Panda nayo moja kwa moja hadi juu, ndani ya mfereji utakuta kijinundu. Kashata, yaani meno ya tairi, ikishuka ikalingana na kijinundu hicho, tairi limekwisha, iwe mwezi wa nne au Desemba. Pale pale ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linakauka na kuwa gumu hata kama kashata bado ipo. Mpeleke tajiri akaone kwa macho, na umwambie habari ya abiria aliyechubuka. Wengi wanaelewa wakiona, kuliko wakisikia. Akikataa kabisa, masika usipande na tairi hilo kwenye mteremko wa Mombo. Hilo siwezi kukulainishia.

Upepo usipunguze kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo linayumba kwenye kona, linapata moto, na ukiwa na abiria linaweza kuchomoka kwenye rimu. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinataka karibu PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, zaidi ya 30 ukiwa na abiria. Namba kamili ziko kwenye kibandiko karibu na cheni au kwenye kitabu chake. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kwenye tope wapo wanaopunguza kidogo na wanapata nafuu, sikatai. Ila wewe unatoka kwenye tope la Bumbuli na kuingia lami ndani ya safari moja, na hutasimama kupampu. Kwako haifai.

Na jambo ambalo fundi ndani yangu hawezi kuliacha: oili chafu kwenye cheni. Kijana anamimina oili ya zamani juu ya cheni asubuhi, anawasha, anaondoka. Kona ya kwanza oili imesharushwa kwenye tairi, wakati mwingine hadi kwenye rimu na dramu. Paka kidogo, jioni, upande wa ndani wa cheni, kisha futa kwa kitambaa. Ukivuka maji mengi, shika breki kidogo kidogo huku unaendesha taratibu hadi zikauke, maana dramu iliyolowa haishiki, kisha inashika kwa ghafla.

ABS ni kitu kizuri, sitasema vinginevyo. Kifaa kinasoma mwendo wa tairi, na kikihisi linataka kujifunga, kinalegeza breki na kuishika tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa wepesi ambao vidole vyetu havina. BMW ilianza kuuza pikipiki yenye ABS mwaka 1988. Huko India zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki zetu, sheria ya Aprili 2019 ilitaka pikipiki mpya zinazozidi cc 125 ziwe nayo, na zisizozidi hapo angalau ziwe na mfumo unaoshikisha breki ya mbele na ya nyuma pamoja. Zinazoletwa kwetu kwa kazi ya bodaboda nyingi hazina. Siku ukinunua yako, ukiiona yenye ABS kwa bei unayoiweza, ichukue. Lakini haiwezi kufungwa baadaye na fundi wa mtaani, haikuokoi ukiingia kona kwa mwendo mkubwa, na kwenye changarawe inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Usiisubiri. Unachohitaji sasa ni vidole vyako na tairi lenye kashata.

Mazoezi yafanyike uwanjani, ardhi ngumu na kavu, pikipiki tupu, kofia imefungwa, viatu miguuni. Anza kwa kilomita 20, umenyooka, kamua zote mbili hadi usimame. Mara kumi. Kisha 30. Usijaribu kulifunga tairi la mbele ili uone ikoje. Ukiona huelewi kidole kinafanya nini, tafuta chuo cha udereva kilichosajiliwa, au uliza chuo cha VETA kilicho karibu nawe, mwalimu akutazame kwa macho. Kuna makosa ambayo barua haiyaoni. Fundi naye umwone mapema kama mkono wa breki ni mlaini kama sponji, kama breki inakaba kwa ghafla, kama unasikia chuma kikisaga, au usukani una mchezo ukiutikisa mbele na nyuma. Kofia yako na ya abiria, kama ziligonga lami siku ile, zibadilishe hata kama hazina ufa. Povu la ndani likishaminywa mara moja halifanyi kazi tena.

Nao mkono. Mtu akianguka na kujikinga kwa kiganja, kuna kifupa kidogo upande wa kidole gumba ambacho huvunjika na wakati mwingine kisionekane kwenye eksirei ya siku za kwanza. Damu hukifikia kwa shida, na kisipotibiwa kinaweza kisiunge kabisa. Bonyeza taratibu kale kashimo kanakojitokeza chini ya gumba unapolinyanyua. Pakiuma, mwambie daktari hivyo hivyo, na umwambie uliangukia kiganja. Pasipouma, nenda pia. Anza hospitali ya wilaya Lushoto. Wakikupa rufaa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, usiahirishe. Huo ndio mkono wa breki ya mbele, na mkono unaouma haukamui, unanyakua au unakwepa kabisa. Mpaka uangaliwe usibebe abiria, na tajiri mwonyeshe cheti cha daktari. Majibu yakitoka niandikie, pamoja na picha ya lile tairi, tujue mazoezi tuyaanze lini.